Kijana, umeweza wimbo wa Kijapani. Wa jirani yako je?

UKITAKA kumjua mwanaume anayejiamini hapa Nakuru, usimtafute anakoinua vyuma. Nenda usiku wa karaoke.

Utamtambua kabla hajafungua mdomo. Hasumbuki na orodha ya nyimbo, maana wake aliuchagua tangu Jumanne. Anashika maiki kama dereva anayeshika usukani wa matatu yake mwenyewe, anamnong'oneza dijei, kisha anaugeukia ukumbi na kutabasamu. Wengi wa aina hii hukimbilia Boyz II Men, Westlife au Sauti Sol. Lakini wapo sasa ambao skrini ikiwaka, maneno yanayotokea si ya Kiingereza wala Kiswahili. Ni ya Kijapani, yameandikwa kwa herufi tunazozijua, na jamaa anayamaliza yote bila kukwama. Ukumbi unapiga mayowe. Kwani nani alitarajia Kijapani kutoka kwa kijana wa Kaptembwo?

Mimi siwacheki vijana hawa. Nawapa heko. Ila nina swali moja kwao, na nitaliuliza baada ya kuwapa sifa zao kwanza, kwa sababu wanazistahili.

Nyimbo za kumtoa mwanaume jasho

Kizazi chetu kimelelewa na katuni za Kijapani, zile tunazoziita anime. Kabla hujajua kufua soksi zako ulishaijua hadithi ya Naruto, na kila kipindi kilifunguliwa na wimbo. Wimbo ukiusikia mara mia mbili, utake usitake, unakukaa kichwani. Ndiyo maana "Haruka Kanata" wa Asian Kung-Fu Generation na "Silhouette" wa KANA-BOON zinaimbwa na watu ambao hawawezi kuagiza hata kikombe cha chai kwa Kijapani.

Na hizo si nyimbo za mchezo. "Haruka Kanata" ni mbio tupu. Usipojua mahali pa kuvuta pumzi, utafika kwenye kiitikio ukihema kama mtu aliyepanda Menengai kwa miguu. "Unravel" wa TK, uliotoka 2014 na tamthilia ya Tokyo Ghoul, unaanza kwa mnong'ono halafu unakupeleka juu sana, mahali ambapo wanaume wengi hubaki wakipiga kelele badala ya kuimba. "Hakujitsu" wa kundi la King Gnu, wa 2019, hauna huruma hata kidogo: mstari wa kwanza kabisa unaimbwa kwa ile sauti nyembamba ya kichwani, kabla koo halijapata joto. Ukikosea hapo, kila mtu amesikia. Nao "Kurenai" wa X, wa 1989, unakubembeleza mwanzoni, kisha gitaa zinaingia kwa kasi na unatakiwa kukaa huko juu hadi mwisho.

Wanaopenda mambo ya wazee wa Japani wana enka, nyimbo za majonzi na nyumbani. Chukua "Matsuri" wa Saburo Kitajima, wa 1984. Ugumu wake hauko kwenye kasi. Uko kwenye kukunja sauti: silabi moja inazungushwa mara tatu nne kabla haijaachiwa, mambo ambayo wapenzi wa taarab watayaelewa haraka kuliko mashabiki wa hip hop. Wajapani wanauita mkunjo huo kobushi, na mtu hujifunza kwa miaka.

Tuseme ukweli, maumbile hayatusaidii. Wanaume wengi tuna sauti ya kati, si nyembamba ya kupaa wala nzito ya kutetemesha viti. Nyimbo nyingi za vijana wa Japani zimetungwa kwa ajili ya sauti ya juu. Huko kwao, mashine ya karaoke ina kitufe cha kuushusha wimbo mpaka ukufae, na ukimaliza inakupa alama juu ya mia. Hapa kwetu mara nyingi "mashine" ni kompyuta ya dijei na video ya YouTube. Unaupanda wimbo ulivyo, au unashuka jukwaani.

Kwa hiyo kijana anayemaliza "Unravel" mbele ya watu amefanya kazi. Amekaa chumbani na simu yake, amerudia mstari mmoja mara hamsini, ameandika maneno kwenye daftari, amejirekodi, akajisikia, akaona aibu, akarudia. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu akikuambia vijana wa leo hawana subira, mwonyeshe huyo.

Okestra tupu

Karaoke yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Neno hilo ni la Kijapani: "kara" ni tupu, na "oke" ni kifupi cha okestra. Bendi ipo, mwimbaji hayupo. Nafasi ya mwimbaji ni yako.

Mwaka 1967 Shigeichi Negishi wa Tokyo alitengeneza kisanduku cha kuimbia, akakiuza kwa jina la Sparko Box. Mwaka 1971, mjini Kobe, mwanamuziki wa baa aitwaye Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake bila kumjua Negishi. Kazi ya Inoue ilikuwa kuwapigia muziki wateja waliotaka kuimba. Mteja mmoja alipomwomba asafiri naye akashindwa kwenda, alimrekodia muziki kwenye kanda. Wazo likaanzia hapo. Hakuwahi kulisajili kuwa mali yake, na dunia nzima ikalichukua bure. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha na kufikirisha, kwa upande wa amani. Sababu iliyotolewa ni kwamba aliwapa watu njia mpya ya kujifunza kuvumiliana.

Watu walicheka. Mimi nimelifikiria jambo hilo sana, kwa sababu tunaishi Nakuru, na kuvumiliana hapa si mzaha.

Kuna tofauti moja kati ya karaoke ya kwao na yetu. Wajapani wengi huimba ndani ya chumba kidogo cha kukodi, wao na marafiki zao tu. Sisi tunaimba ukumbini mbele ya watu tusiowajua. Na ukumbi wa Nakuru si wa kabila moja. Kwenye meza ya mbele wako Wakikuyu wa Bahati, nyuma yao Wakalenjin waliotoka Rongai, kando Waluo wa Bondeni, Waluhya na Wakisii wanaofanya kazi mjini, na mwanafunzi wa Egerton aliyetoka Turkana. Mji huu ulikua pamoja na reli, na reli ilileta kila mtu.

Sasa swali langu. Bro, umejifunza Kijapani cha dakika nne bila kosa. Je, kuna wimbo mmoja, mmoja tu, wa lugha ya jirani yako ambao unaweza kuusimamia kwa maiki kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Kijapani ni rahisi kuliko unavyodhani

Najua wengi watasema lugha ya jirani ni ngumu. Haya, tupime.

Kijapani kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kiswahili kina hizohizo tano. Silabi za Kijapani karibu zote huishia kwa irabu, kama zetu. Ukiyaona maneno "haruka kanata" kwenye karatasi, unayasoma kama unavyosoma "haraka karata". Mzungu atapambana nayo. Wewe ulipewa ulimi huo shule ya chekechea. Kwa masikio na mdomo wa Mswahili, Kijapani cha kuimba ni lugha ya kirafiki sana.

Gikuyu kina irabu saba, na ukichanganya "i" na "ĩ" umesema neno lingine. Tena ni lugha ya toni: neno hupanda na kushuka, na maana hufuata. Dholuo ni ya toni pia. Kikalenjin nacho kina toni, kina irabu fupi na ndefu, na kinatenganisha irabu ambazo sikio la Kiswahili linazisikia kuwa moja. Ukipima kwa mdomo tu, wimbo wa mtu wa Rongai ni mgumu kwako kuliko wimbo wa mtu wa Tokyo.

Kwa hiyo mwanaume anayetafuta wimbo mgumu wa kuthibitisha uwezo wake, hana haja ya kuvuka bahari. Mgumu uko nyumba ya pili.

Lakini irabu si sababu kuu. Sababu kuu ni hii: ukiimba Kijapani Nakuru, hakuna wa kukusahihisha. Ukimeza neno, ukibuni neno, ukiruka mstari, nani atajua? Wimbo unaonekana wa hatari na kumbe ni salama kabisa. Ukiimba Kikalenjin na wewe ni Mkikuyu, ukumbi mzima una walimu. Kosa la kwanza wamelisikia. Wanajua unavyotakiwa kutamka, wanajua wimbo unasema nini, wanajua uliimbwa kwenye harusi ya nani na mazishi ya nani. Pale ndipo kujiamini kunapimwa. Kumwimbia mtu kitu asichokijua ni maonyesho. Kumwimbia kitu anachokijua kuliko wewe, mbele ya watu wake, kunahitaji kifua.

Kwa nini nawasemea wavulana

Mtu ataniuliza, mbona nawalenga wanaume? Wasichana hawaimbi? Wanaimba, na wengi wanatushinda. Lakini hebu tukumbuke historia ya eneo hili bila kupepesa macho.

Mwaka 1992 Molo iliwaka. Mapema 1998 Njoro ikawaka. Januari 2008 moto ukaingia Nakuru mjini na Naivasha. Nchini kote waliuawa watu zaidi ya 1,100, na maelfu waliishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Waliosimama barabarani na rungu, mishale na panga, wakiwauliza abiria majina yao, wengi wao walikuwa wavulana wa umri wetu. Hawakuwa majini. Walikuwa vijana waliojua jirani anakaa wapi, anakula nini, ng'ombe wake ni wangapi. Lakini lugha yake waliijua kwa jambo moja tu: kumtambua adui.

Lugha ilitumika hivyo. Ulisikilizwa unavyotamka neno, ukaruhusiwa kupita au hukuruhusiwa. Ripoti zilizoandikwa baada ya ghasia zilizitaja redio za lugha za kienyeji kuwa zilichangia kuchochea chuki. Ndiyo maana wazazi wetu wengi, kwa nia njema, walituambia: mkiwa nje zungumzeni Kiswahili, yaishe. Nasi tumekua hivyo. Kiswahili kimetuokoa, siwezi kukataa. Ila kuna kitu tulipoteza. Lugha ya jirani ikabaki ama kitu cha kuogopa, ama kitu cha kucheka.

Hilo la kucheka nalo tuliangalie. Sisi Wakenya ni mabingwa wa kuigana lafudhi. Kila mchekeshaji anaye Mkikuyu wake anayechanganya "l" na "r", anaye Mjaluo wake wa kujigamba, anaye Mkalenjin wake. Tunacheka, na mara nyingine inafurahisha kweli. Lakini mzaha unahitaji kuijua lugha ya mtu kidogo tu, kiasi cha kumgeuza kikaragosi. Wimbo unataka uijue kiasi cha kuitendea haki. Huwezi kuimba wimbo wa mapenzi au wa msiba wa mtu huku unamdhihaki. Ukijaribu, wimbo wenyewe unakuaibisha.

Wapo waliotangulia

Februari 2008, mwezi uleule Kibaki na Raila walipotia saini mkataba wa amani mbele ya Kofi Annan, huko Japani kijana Mmarekani mweusi alitoa wimbo wake wa kwanza. Anajulikana kama Jero, mzaliwa wa Pittsburgh. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mjapani, na kwa bibi huyo ndiko alikojifunza enka, muziki ambao hata vijana wa Japani walikuwa wameanza kuuona wa wazee. Wimbo uliitwa "Umiyuki". Alipanda jukwaani na kofia ya besiboli na nguo pana za hip hop, kisha akafungua mdomo na kukunja sauti kama mzee wa Kijapani. Mwisho wa mwaka huo aliimba kwenye tamasha kubwa la NHK la kufunga mwaka, lile linaloangaliwa na familia nzima. Bibi wa watu wengine walimpokea kama mjukuu wao. Hakuwaambia Wajapani maneno mengi kuhusu ubaguzi. Aliwaimbia wimbo wao vizuri.

Na si lazima twende Japani. Hapa Bonde la Ufa, mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwake kulikuwa na wimbo wa wasichana uitwao "Chemirocha". Unajua Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, maarufu kwa kuivunja sauti yake ghafla kutoka chini hadi juu. Santuri zake zilifika vijijini, watu wakashangazwa na sauti ile, wakaligeuza jina lake likakaa vizuri kwenye ulimi wa Kikipsigis, wakamtungia nyimbo zilizosindikizwa na chepkong, kinanda chao cha nyuzi. Wakasimulia kwamba huenda yeye ni nusu mtu nusu paa. Mwaka 2015, miaka 65 baadaye, rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii iliyoziimba. Kwa hiyo kijana wa Nakuru anayeimba Kijapani hajaanzisha kitu kigeni. Mabibi zetu walishaisikiliza sauti ya mbali, wakaifanya yao.

Tazama benga vilevile. Ilianzia kwa Waluo, gitaa likifuata midundo ya nyatiti. Haikukaa huko. Wakikuyu wakaichukua, Wakamba wakaichukua, na Kipchamba arap Tapotuk akaipiga kwa Kikalenjin mpaka ikawa kama ilizaliwa Kericho. Leo Mkikuyu na Mkalenjin wanacheza muziki unaotoka kwenye shina moja, kila mmoja akiamini ni wa nyumbani kwake. Wanasiasa hawajaligundua hilo, na tafadhali msiwaambie.

Sasa chagua

Haya, tuje kwenye vitendo. Ukiwa mwanaume unayejiamini na unataka wimbo wa kukupima, nakupendekezea hizi.

Anza na "Mwana wa Mberi" wa Waluhya, kama wewe si Mluhya. Tayari umeusikia kwenye harusi na sherehe kote nchini. Ni wimbo wa kuanzisha na kuitikiwa, kwa hiyo sehemu ngumu si sauti, ni uongozi. Ukianza kwa woga, hakuna atakayeitikia. Ukianza kwa nguvu, ukumbi wote unakubeba.

Kisha nenda kwa "Kothbiro" wa Ayub Ogada. Dunia iliujua kupitia filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Usidanganywe na utulivu wake. Wimbo wa kasi unaweza kukufichia makosa. Huu ni wa polepole, noti ndefu, vyombo vichache, hakuna kelele ya kujificha nyuma yake. Unaita mvua inayokuja na watoto warudishe mifugo. Ukiimba bila kumwona mtoto huyo na wingu hilo, utasikika kama mtu anayesoma risiti.

Wa tatu, Joseph Kamaru. "Ndari ya Mwarimu" una hadithi ya mwalimu na msichana, na enzi zake uliwakasirisha walimu kweli kweli. Kamaru ni mgumu kwa sababu anazungumza kwa mafumbo na methali. Huwezi kuutamka tu. Lazima uketi na mtu akufafanulie. Na hilo ndilo ninalolitaka.

Wa nne, wimbo wowote wa benga wa Kipchamba. Hapo gitaa linakimbia na sauti inatembea, na mgeni hujikuta ameingia mapema au amechelewa. Mwombe rafiki Mkalenjin akuhesabie.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, uliza maana ya wimbo kabla ya kuuimba. Wanaojua usiku wa mugithi wanajua kwamba kuna nyimbo zinazobadilika usiku ukikomaa, na maneno yake hayaimbwi mbele ya mama mkwe. Nyingine zina siasa ndani yake. Usipande jukwaani na bomu usilolijua. Ya pili, usiigize lafudhi. Tamka kadiri uwezavyo, kwa sauti yako. Tunapowasikia wageni wakiimba "Malaika" au "Jambo Bwana" kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, tunatabasamu na kuimba nao. Kosa la mtu anayejaribu husamehewa. Kejeli haisamehewi.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema karaoke ni burudani, niache kuingiza mambo mazito. Nakubali ni burudani. Ndiyo maana inafaa. Mikutano ya amani tumeihudhuria: kuna hema, kuna soda, kuna mgeni rasmi, na kila kabila linakaa upande wake. Baada ya soda kwisha, tunarudi tulikotoka. Kujifunza wimbo kunakulazimisha umtafute mtu, umwulize "hapa wanasema nini?", akucheke, akurekebishe, mrudie tena. Hizo ni saa kadhaa za mazungumzo ambazo hakuna warsha inayoweza kuzinunua.

Wengine watasema lugha za kienyeji ukumbini ni ukabila. Ukabila ni meza moja kuimba nyimbo zake na kuwafungia wengine nje. Ninachosema ni kinyume chake. Tena si jambo jipya kwetu: shuleni, kwenye tamasha za muziki, watoto wasio Waluhya hucheza isukuti na wasio Wakalenjin huimba Kikalenjin, na hakuna anayeshangaa. Kwa nini tukimaliza Kidato cha Nne tunaacha?

Hoja ya tatu ina uzito: nyimbo hizo hazipatikani. Ukitafuta karaoke ya "Silhouette" mtandaoni, utapata nyingi, maneno yote yakiwa kwenye skrini. Tafuta wimbo wa Kipchamba wenye muziki mtupu na maneno yaliyoandikwa, uone utakavyohangaika. Hapo ndipo penye kazi, na penye kazi pana riziki. Nakuru ina vijana wanaojua kutengeneza midundo kwenye kompyuta za mkononi na wanaojua kuhariri video. Tengenezeni hizo okestra tupu, kwa ruhusa ya wenye nyimbo au familia zao na kwa malipo yao, muwape wazee wenye lugha maneno wayakague kabla hayajawekwa. Kumbi zitazihitaji.

Na wenye kumbi nao wana la kufanya. Huko Japani, tangu 1946, NHK ina shindano la waimbaji wa kawaida linalohama mji hadi mji. Muuza samaki anaimba, mwalimu anaimba, mstaafu anaimba, na kengele ndiyo inayotoa hukumu: ikilia mfululizo umepita, ikilia mara moja au mbili asante kwa kuja. Kitu kama hicho kinaweza kuanzia hapa, kikaenda Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha, kwa sharti moja tu: kila mshiriki aimbe kwa lugha isiyo ya kwao, na waamuzi wawe wenye lugha hiyo. Haihitaji bajeti ya kaunti. Inahitaji spika mbili na kengele.

Uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Nyimbo za kampeni zitakuja, nyingine zikiwa na lugha tamu na kisu ndani yake, na zitatutafuta sisi vijana kwanza. Ningependa zitukute tayari tuna nyimbo nyingine midomoni. Mtu akija kukuambia watu wa lugha fulani ni hivi na vile, uwe na wimbo wao mmoja kichwani, na jina la aliyekufundisha.

Kwa hiyo "Unravel" uimbe, kaka. Piga ile noti ya juu mpaka dirisha litetemeke. Halafu usirudishe maiki. Mwambie dijei aweke "Kothbiro".